Tairi la Nyuma la Kushoto

Watu wanaonijua watakwambia nina hasira za karibu, na hawakosei. Tairi la nyuma la kushoto la gari langu lilipoanza kushuka upepo kila usiku, sikufikiria msumari. Nilimfikiria mtu.

Nakaa Jadida, hapa Wete, kisiwani Pemba, katika nyumba aliyoiacha baba yangu. Nafundisha fizikia katika skuli moja upande wa Gombani, mjini Chake Chake, kwa hiyo kila siku ya Mungu nakwenda Chake na kurudi. Gari nililinunua kwa mtu aliyekuwa akiteremka nalo mpaka pwani kupakia samaki, na mvua ikinyesha harufu ya samaki huamka upya. Ni gari kuukuu lakini linakwenda. Shida yake ilikuwa hilo tairi. Naliacha jioni limesimama, asubuhi nalikuta limekaa chini, na mimi na buibui langu nasimama uwanjani nikikanyaga pampu ya mguu mpaka jasho linanitoka kabla hata sijaanza safari. Nafika skuli vumbi mguuni na maneno machungu mdomoni, wanafunzi wanayapokea.

Nililipeleka kwa fundi wa pancha hapa hapa Wete. Akalitoa, akalizungusha, akalimwagia maji ya sabuni sehemu inayogusa barabara. Akaniambia, "Pancha hapa siioni, Mwalimu. Niachie mpaka alasiri, nilitoe kwenye ringi nitazame ndani." Siku hiyo nilikuwa msimamizi wa mtihani. Nikamwambia, "Hapana, lifunge hivyo hivyo." Akasema, "Basi, kama huna wasaa." Katika yote aliyoyasema, mimi niliondoka na neno moja tu, kwamba pancha haionekani. Kama pancha hakuna na upepo unatoka, basi kuna mkono wa mtu. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, mimi niliyefundisha kanieneo ya hewa miaka mingi na kuwakaripia watoto wasiopima kabla ya kujibu.

Na mkono wenyewe nilikuwa nao tayari. Nyumba inayotazamana na yetu ilikuwa ya mzee mmoja niliyekuwa nikimwita Ami tangu sijajua kusoma. Si ndugu wa damu. Lakini baba alipofariki, yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, na mke wake, ninayemwita Mama Mkubwa, alilala kwetu siku saba. Msimu wa karafuu Ami alikuwa akitandaza majamvi yake uwanjani, pale pale ninapogeuzia gari. Asubuhi moja nimechelewa, nikarudi nyuma bila kutazama, nikakanyaga pembe ya jamvi. Karafuu zikasagika. Nikatoa kichwa dirishani nikasema, "Samahani, Ami," nikaondoka. Sikushuka. Yeye akainama kuziokota, akasema nami nikamsikia, "Gari hii, mwanangu, ipo siku itakutia adabu."

Wiki ya pili yake tairi likaanza kushuka.

Nikaanza kumvizia, nisimuone. Nikakata matawi ya mndimu ulioko uwani kwetu, yale makavu yenye miba mirefu, nikayapanga kulizunguka gurudumu nikayafunika na majani. Nikasema atakayekuja atajijua. Asubuhi nikakuta miba iko vile vile na tairi limekaa chini. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Mimi nikasema huyu mzee kavaa viatu.

Ndipo nikaenda kwa mwalimu wa chuo, anayesomesha Kurani watoto wa mtaa, nikamwomba anisomee halbadiri. Asiyetoka kwetu nimwambie: mtu akiibiwa au akifanyiwa uovu na asiyemjua, wanakusanywa wasomaji, yanasomwa majina ya watu wa Badri, na aliyetenda humpata la kumpata. Huvimba, hupooza, huchanganyikiwa. Kwetu watu huiogopa kuliko polisi. Wapo mashehe wanaoikataza, na mwalimu wetu naye hakuwa mwepesi nayo.

"Mwanangu, kisomo hiki si mchezo," akaniambia. "Umehakikisha kama ni mtu?"

"Nimehakikisha."

"Si tairi tu bovu?"

"Limetazamwa na fundi. Halina pancha."

Akanyamaza, akaniuliza tena mara ya tatu. Nikamjibu kwa hasira, "Maalim, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi najua ninachokisema." Uongo ulikuwa umeshanitoka, na ukishatoka ukimya wa mtu mzima unakuwa kama kukushutumu, kwa hiyo nikaukaza.

Kwa desturi hutolewa ilani kwanza. Baada ya sala ya isha ikatangazwa msikitini kwamba mwenye kuligusa gari la Mwalimu ajitokeze ndani ya siku saba aombe radhi, la sivyo itasomwa halbadiri. Jina la mtu halikutajwa. Halikuwa na haja ya kutajwa, kisa cha jamvi mtaa mzima ulikuwa unakijua.

Kesho yake alasiri Ami akaja. Hakuingia ndani, akakaa barazani kwetu na bakora yake.

"Mwanangu, watu wananitazama mie."

"Kwani wamekutaja?"

"Hawakunitaja. Wananitazama."

"Asiye na lake haogopi, Ami."

Akatikisa kichwa. "Mie na sukari hii sina nguvu za maneno. Lipeleke tena hilo tairi likatazamwe vizuri. Nakwambia kama ningemwambia mwanangu."

Nikamwambia limeshatazamwa. Kahawa sikumpa. Tangu nizaliwe sijawahi kumuona mtu mzima akaja barazani kwetu akaondoka hivi hivi, na siku ile nikaona sawa.

Siku saba zikapita. Alhamisi wasomaji wakaja, chetezo kikafuka ubani, majina yakasomwa moja baada ya jingine. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na birika la kahawa. Madirisha ya nyumba ya Ami yalikuwa yamefungwa. Nilifurahi. Naliandika neno hilo kama lilivyokuwa, nilifurahi mpaka nikajisikia mwepesi.

Na tazama, asubuhi yake tairi limesimama. Na ya pili. Siku sita mfululizo nikitoka nalikuta limesimama imara, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya uwanja. Siku ya sita jirani anayepika vitumbua akaja kuninong'oneza kwamba alipotoka kuwasha moto, kabla jua halijatoka, alimuona Ami kachutama kwenye gurudumu langu. "Kwa macho yangu haya," akasema. "Alikuja tena, lakini kisomo kimemzuia mkono." Nikaenda kutazama miba yangu. Tawi moja lilikuwa limesogea, na mwiba wake mkubwa umevunjika ncha.

Siku ya saba Ami hakuonekana msikitini. Ya nane ikasemwa mguu umemvimba. Mguu wa kushoto. Loo, mtaa wetu haukuhitaji zaidi ya hapo. Wakasema, "Alitoa upepo wa mwenzake, sasa upepo umemjaa mwenyewe," na wakacheka, na wengine walikuwa watu aliowasomeshea mayatima wao bila kuwaomba kitu. Kwetu mgonjwa hakai peke yake, hata adui yako unakwenda kumtazama. Nyumba ya Ami ilikaa siku zote hizo mlango umerudishwa na hapana aliyepiga hodi.

Hospitali nako hakupelekwa. Watoto wao wawili wako Unguja, na kwenye simu kila mtu aliwaambia lile lile, kwamba maradhi ya kisomo hayapigwi sindano, ukiyapiga sindano mtu hufa. Kwa hiyo mzee mwenye sukari, na mwiba umevunjikia kwenye unyayo, akawa anapakwa mafuta ya habasoda na kunyweshwa kombe, maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji.

Mama Mkubwa akanijia mchana mmoja, kajifunga kanga mbili, macho mekundu.

"Nimekuja kumuombea msamaha mzee," akasema. "Yeye anasema hakufanya. Lakini kama kuna kosa, mwanangu, kifungue kisomo. Mwiba umemchoma, mguu unageuka rangi."

"Mwiba gani, Mama Mkubwa?"

"Wa mndimu."

"Na mwiba wa mndimu alikutana nao wapi?"

Akakaza fundo la kanga yake.

"Hakwenda kutoa upepo," akasema.

"Kwa hiyo alikwenda."

Nikamwambia, "Aje akiri mwenyewe, nami nitakwenda kwa maalim." Yaani mtu hawezi kusimama na mimi namtaka aje. Akaondoka ameshika ukuta. Hiyo sura yake akiondoka ninayo mpaka leo, naiona hata nikiwa nasahihisha madaftari.

Tangu siku ya saba skuli ilikuwa imefungwa, gari halijatoka na gurudumu limefunikwa na majani yangu. Jumatatu nikatoka kwenda kazini, tairi liko chini. Si kidogo, limekaa kabisa, ringi karibu inagusa ardhi. Nikasimama. Ami alikuwa na siku ya nne hajainuka kitandani. Fikira yangu ya kwanza, Mungu anisamehe, ilikuwa labda ni Mama Mkubwa. Nikakanyaga pampu nikiwa na fikira hiyo. Nikaondoka, na kabla sijafika skuli usukani ukaanza kunivuta, gari linapepesuka, nikasimama Gombani kwa fundi mmoja wa kutoka bara, mtu mkimya asiyetujua sisi wala mambo yetu.

Yeye hakunisikiliza nilipomwambia nina haraka. Akalitoa tairi, akalijaza upepo mpaka likawa gumu, akalizamisha lote kwenye beseni la maji. Kwenye mpira hapakutoka kitu. Akaligeuza. Hapo ukingoni, mpira unapokutana na chuma, mapovu madogo madogo yakapanda, yanafuatana bila pupa.

"Hakuna pancha hapa," akasema. "Ringi imeliwa na chumvi. Gari hili limekaa sana pwani. Aliyelifunga mara ya mwisho hakukwangua kutu."

"Nilimkataza mimi," nikasema.

Akalitoa tairi kwenye ringi. Akachukua brashi ya waya na msasa, kutu ikamwagika chini nyekundu, chungu zima. Akapaka gundi, akalirudisha, akalizamisha tena. Mapovu hayakutoka. Kazi yote haikufika muda wa kuchemsha chai. Nikamwambia kuna wakati lilisimama siku sita bila kushuka. Akatikisa kichwa bila kunitazama. "Siku sita halikai hili. Hata mbili halikai." Sikuwa na nafasi tena kichwani ya kuweka kitu kingine.

Skuli sikwenda. Niligeuza gari pale pale nikarudi Wete, na njia nzima nilikuwa nasema peke yangu kama mwendawazimu, kutu, kutu.

Harufu ya ule mguu ilinipokea mlangoni. Ami alikuwa amelala chali, amekwisha, macho yameingia ndani. Mguu umefunikwa kanga na kanga imelowa. Nikapiga magoti.

"Ami, tairi lilikuwa na kutu. Hakuna mtu aliyelitoa upepo. Nimekudhulumu."

Akachukua muda kunitambua. "Kutu," akasema. "Alhamdulillahi." Kisha akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya moto. "Sasa waambie. Waambie watu, mwanangu. Nisizikwe nalo hili."

Nikamwahidi. Nikawaita wanaume wawili waliokuwa wanapita, wakasita, nikawatukana, wakaja wakambeba. Hospitali ya karibu wakatuandikia twende ile kubwa ya Mkoani, kusini mwa kisiwa. Alilazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Mama Mkubwa, na nililiendesha lile gari kama nimebeba mayai. Tairi halikuyumba hata mara moja. Daktari aliufunua mguu, akaufunika, akauliza mbona hatukumleta mapema. Mama Mkubwa hakunitazama. Nikasema, "Kwa ajili yangu." Daktari akadhani nimechanganyikiwa. Waliukata mguu usiku ule, lakini sumu ilishapanda. Siku ya tatu Ami akafariki.

Nilisema. Hakuna atakayeweza kusema sikusema. Nilisimama katikati ya wanawake matangani, kabla maiti hajatoka, nikaeleza yote: ringi, fundi, kutu, uongo wangu kwa maalim. Nikaenda kwa maalim mwenyewe. Alinisikiliza akitazama chini, akasema, "Nilikuuliza mara tatu." Siku ya hitima akasimama msikitini akawaambia watu kwamba marehemu alikuwa hana kosa.

Unajua walisema nini? Walisema Mwalimu ana moyo mzuri, anamsitiri maiti. Maana kwetu aliyekufa hatajwi kwa ubaya, aibu yake hufunikwa pamoja naye. Kila nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kunisifu. Mpika vitumbua alinishika mkono akasema, "Umefanya la dini, mwanangu. Lakini mimi nilimuona." Na wakawa wakipita uwanjani wanalitazama gari langu, nawasikia: tangu mzee afe, tairi hilo halijashuka hata siku moja.

Ni kweli. Halijashuka. Yule fundi wa Gombani alifanya kazi yake vizuri, na kazi yake ndiyo ikawa ushahidi wa kumtia Ami hatiani.

Miezi miwili ikapita hivyo. Ijumaa moja wanaume wako msikitini, uwanja mtupu, nikapata wazo. Nikachukua njiti ya kiberiti nikachutama kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, nikafungua kifuniko cha vali, nikaikandamiza. Upepo ukaanza kutoka kwa mlio mwembamba. Nilitaka wakitoka kuswali walikute limekaa chini, na Ami yuko kaburini, ili waseme basi, hakuwa yeye.

"Acha."

Mama Mkubwa alikuwa yumo katika eda ya kufiwa na mume, hatoki nje, lakini dirisha lake linatazama gari langu. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini, kajifunika nguo nyeupe, mkono ameshika nondo za dirisha.

"Nataka wajue hakuwa yeye," nikasema.

"Lijaze, mwanangu," akasema. "Wakilikuta limeshuka watasema amerudi. Watasema hata kaburini hajatulia."

Nikaiondoa njiti. Alikuwa na haki, wangesema hivyo hivyo. Akatoweka dirishani, akarudi, akapitisha kitu baina ya nondo. Ilikuwa pampu ya baiskeli, ya zamani, mpini wake umefungwa kitambaa.

"Chukua hii," akasema. "Ndiyo aliyokuwa akikujazia siku zile baada ya kisomo. Alfajiri, pekupeku, usimsikie, na mimi akanikataza kukwambia. Aliniambia, likisimama siku chache, huyu mtoto hasira zitamshuka na watu wataacha kunitazama."

Nikaipokea. Kitambaa kilikuwa kimekazwa kwa uzi, kwa mkono wa mtu mwenye subira, ili chuma kisigonge chuma. Nikapiga magoti mahali alipokuwa akichutama yeye, nikaichomeka kwenye vali, nikaanza kujaza.